Mbuzi wa Eldas haavyi mimba

Wiki mbili zilizopita alinijia ofisini kijana ninayemfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Siku hizi ni daktari, na joho la uzamifu amelivaa juzi tu. Kwao ni Eldas, kule Wajir, na utafiti wake ni wa mifugo na afya ya wanaoifuga. Alikuwa na kurasa tatu mkononi. "Prof, nimeandika kitu cha gazeti," akasema. "Nataka watu wa nyumbani nao wajue nilichokuwa nikifanya miaka hiyo yote. Nisomee kwanza."

Nikamsomea. Matokeo yake siyataji hapa kwa sababu ni yake kuyatangaza. Ninachokijadili leo ni lugha, na amenipa ruhusa. Katika aya ya pili nikakutana na mbuzi ambao "waliavya mimba kwa kiwango cha juu". Nikaweka kalamu chini.

"Daktari," nikamwuliza, "mbuzi hawa walikwenda zahanati gani?"

Alicheka, kisha akanyamaza. Msomaji wa magazeti ya Kenya anajua kuavya mimba ni nini. Ni kitendo cha makusudi. Hutajwa katika kesi za mahakamani, katika mahubiri, na katika mijadala ya Bunge. Mbuzi hana makusudi hayo. Mbuzi hutupa mimba, au mimba yake huharibika. Mfugaji yeyote anayezungumza Kiswahili, awe wa Garissa, Kajiado au Dodoma, atakwambia "mbuzi wangu ametupa" na mwenzake ataelewa bila hata ya kutajiwa neno mimba. Kijana wangu alilijua neno hilo. Amelisikia sokoni tangu utotoni. Lakini alipoketi kuandika kama msomi, alilifungia nje akaenda kwenye kamusi kutafuta neno linalofanana na lile la Kiingereza lililomo katika tasnifu yake.

Siku hizi watafiti wanagenzi wanahimizwa sana kuwafikishia wananchi matokeo yao kupitia vyombo vya habari. Wafadhili wanataka, vyuo vinataka, na warsha zinaandaliwa. Nimehudhuria kadhaa. Mwanagenzi anafundishwa kuanza na jambo kuu, asizidishe hoja tatu, atazame kamera vizuri, ajibu kwa ufupi. Mafunzo mazuri tu. Lakini sijaona warsha hata moja iliyomwuliza kijana swali hili: hao unaotaka kuwaambia, wanaliitaje jambo lenyewe? Nadhani hapo ndipo kazi yote inapoharibikia, na nitatumia mfano mmoja kutoka huko huko kaskazini mashariki kueleza.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Garissa na maeneo jirani. Maji yakatuama, mbu wakazagaa, mifugo ikaanza kutupa mimba na kufa, na kufikia mwisho wa Novemba watu nao wakaanza kuugua. Kati ya 30 Novemba 2006 na 12 Machi 2007, Kenya ilihesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao wakafariki. Serikali ikapiga marufuku kuchinja na kusafirisha mifugo, na watu wa Nairobi wakaogopa nyama nyekundu. Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, wanasayansi walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake.

Ugonjwa wenyewe unaitwa homa ya Bonde la Ufa. Hebu lisome jina hilo kama mtu wa Eldas. Bonde la Ufa liko wapi? Liko Naivasha, Nakuru, Baringo. Ugonjwa ulipata jina lake huko kwa sababu virusi vyake vilielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 na Daubney na wenzake, baada ya kondoo kufa katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Mtafiti ni mwaminifu kwa historia anapolitumia. Ila mfugaji wa Wajir anaposikia redioni kwamba "homa ya Bonde la Ufa imezuka", ana kila sababu ya kuwaonea huruma watu wa Naivasha, ameze chai yake na aendelee na shughuli zake.

Yeye jina lake analo. Wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki wanaujua ugonjwa unaokuja baada ya mvua nzito na mbu wengi, unaowatupisha mimba wanyama na kuwatoa damu puani. Wanauita sandik. Kwa Kisomali san ni pua na dhiig ni damu. Jina lenyewe linakupa dalili. Huhitaji maabara kuikumbuka.

Nayajua haya kutoka kwa watafiti wenyewe, si porojo za barazani. Mwaka 2010 Christine Jost na wenzake, wakiwemo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Nairobi, walichapisha makala katika jarida la Marekani la tiba na afya ya nchi za joto. Waliwauliza wafugaji walichokiona katika mlipuko ule na lini walikiona. Kati ya kuanza kwa mvua kubwa na kutokea kwa makundi ya mbu zilipita wiki tatu na ushee. Kati ya mbu na mnyama wa kwanza kuugua, wiki mbili na siku kadhaa. Kati ya mnyama na mtu wa kwanza, muda kama huo huo. Lakini kati ya mnyama wa kwanza kuugua na maafisa wa mifugo kuchukua hatua, ilipita takriban miezi miwili. Hitimisho lao ndilo lililonishangaza: dalili walizoziona wafugaji zilikuja mapema na kwa uhakika zaidi kuliko mifumo mingi ya tahadhari ya kimataifa na ya kanda iliyokuwapo wakati ule, pamoja na setilaiti zake.

Hebu fikiria. Utafiti unagundua kwamba wafugaji wa kaskazini mashariki waliona kabla ya wakubwa kuona. Kisha ugunduzi huo unaandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, unahifadhiwa katika jarida, na wale waliousababisha hawaambiwi kwamba walikuwa sahihi. Siwalaumu waandishi wa makala ile. Wao ndio waliotuletea neno sandik katika maandishi ya sayansi, na hiyo ni heshima kubwa kwa Kisomali. Lawama ni kwa utamaduni wetu unaodhani kazi huisha pale jarida linapochapisha.

Mwaka 2018 mvua zilikuwa kubwa tena. Tarehe 2 Juni mgonjwa mmoja alifikishwa hospitalini Wajir akiwa na homa, amelegea, damu ikimtoka kwenye fizi na mdomoni. Alieleza kwamba alikuwa amekula nyama ya mnyama mgonjwa. Akafariki siku hiyo hiyo. Mlipuko ukathibitishwa siku chache baadaye, na Eldas ikawa miongoni mwa maeneo ya Wajir yaliyotajwa. Sidai kwamba makala ya gazeti ingemwokoa mtu yule. Nashika tu kwamba kati ya 2010 na 2018 kulikuwa na miaka minane ya kueleza, kwa lugha za watu na kwa jina la watu, kwamba hii ndiyo sandik ile ile, na kwamba mnyama wake haliwi.

Narudi kwa kurasa za kijana wangu, maana mbuzi walikuwa mwanzo tu.

Kasoro ya pili ilikuwa ndogo kwa macho lakini kubwa kwa maana. Aliandika kila mahali "inaweza": mnyama anaweza kuambukiza, maziwa yanaweza kusababisha, mvua zinaweza kuleta. Alichokuwa akikitafsiri ni kile kisaidizi cha Kiingereza cha kukisia, ambacho wanasayansi hukitumia kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga utelezi. Lakini kuweza kwa Kiswahili, kwanza kabisa, ni kuwa na uwezo. Ukimwambia mzee kwamba ngamia wake anaweza kumwambukiza, atasikia kwamba ngamia huyo ana uwezo huo sasa hivi, amesimama nao pale zizini. Kumbe ulitaka kusema huenda.

Kiswahili kimetupa ngazi nzima ya kupandia uhakika. Tuna labda na pengine, tuna huenda, tuna yamkini, tuna inaelekea, tuna bila shaka, tuna hakika. Hazilingani uzito. Mtafiti aliyepima damu ya wanyama wachache katika kijiji kimoja anastahili huenda. Hajafika kwenye hakika, na akijitupa huko wenzake watamcheka. Aliyeona jambo lile lile katika tafiti kumi anaweza kusema bila shaka, na asipolisema atakuwa anaficha. Waandishi wetu wa sayansi wanaiacha ngazi hii imeegemea ukutani, wanatembea na "inaweza" peke yake. Kisha mhariri naye, akiwa na haraka ya kufunga ukurasa, anaiondoa hata hiyo "inaweza", na asubuhi kichwa cha habari kinasoma kama hukumu.

Kasoro nyingine ni "uhusiano mkubwa". Katika takwimu kuna neno linalomaanisha tu kwamba tofauti uliyoiona si rahisi iwe imetokea kwa bahati. Haimaanishi ni tofauti kubwa. Inaweza kuwa ndogo kama punje ya mtama. (Ndiyo, nimesema inaweza, hapa uwezo ndio nilioukusudia.) Watafiti wetu hulitafsiri neno hilo kuwa "mkubwa" au "muhimu", na msomaji akaelewa kingine kabisa. Dawa yake ni rahisi: acha neno la takwimu, sema idadi. Katika mbuzi mia waliotupa mimba, wangapi walikuwa na virusi? Katika mia wasiotupa, wangapi? Mfugaji anajua kuhesabu mbuzi kuliko wewe na mimi.

Nilipomwonyesha haya alinijibu kwa unyonge kidogo, "Prof, nikiandika hivyo si wataona sijasoma?"

Wataona akina nani? Hapa ndipo siwezi kumlaumu peke yake, maana woga huo tumeupanda sisi walimu. Katika hesabu ya kupandishwa cheo vyuoni, makala ya jarida lililopitiwa na wataalamu yana alama zake. Makala ya gazeti hayaongezi kitu. Kijana mwenye mkataba wa muda, anayefundisha madarasa manne na kusubiri malimbikizo ya mshahara, atatoa wapi jioni ya kuandikia Taifa Leo? Tena kuna wanaomwonya kwamba akizungumza na mwanahabari kabla jarida halijachapisha, jarida litamkataa. Onyo hilo lina asili. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa jarida kubwa la tiba la New England, alitangaza kwamba hatachapisha matokeo yaliyokwisha kutolewa kwingine, na majarida mengi yakaufuata mkondo huo. Mtafiti mwenye busara asome masharti ya jarida lake kwanza. Lakini onyo hili linahusu kabla ya kuchapisha. Baada ya kuchapisha hakuna anayemzuia, na bado ananyamaza.

Sheria nayo inatazama Nairobi. Anayepewa kibali cha utafiti na tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, hutakiwa kuikabidhi tume nakala ya ripoti yake akimaliza. Vyema. Ila sijawahi kuona mwanagenzi akihangaishwa na swali la nakala ya Eldas. Wale waliokaa chini ya mti wakajibu maswali yake saa mbili, mifugo ikisubiri maji, wanabaki na kumbukumbu ya kijana mwenye karatasi aliyekuja akaondoka.

Vyombo vya habari navyo vina lao. Wajir huingia ukurasa wa kwanza kwa kifo au kwa kiu. Desemba 2021 picha ya mizoga ya twiga sita karibu na kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya Sabuli, ilizunguka dunia nzima. Wengi walioitazama walidhani twiga wale walianguka pamoja pale pale kwa njaa. Maelezo ya chini ya picha yalisema kingine: walikuwa wamedhoofika, wakakwama katika tope la bwawa lililokuwa likikauka, kisha mizoga ikahamishwa ili isichafue maji yaliyosalia. Nani alisoma maelezo ya chini? Mtafiti mchanga wa ukame angekuwa na mengi ya kueleza wiki ile: kwa nini wanyama hujazana kwenye bwawa moja, nani huamua maji yachimbwe wapi. Simu yake haikulia, na yeye hakuwa na nambari ya mhariri yeyote. Heri aitafute nambari hiyo mapema, kabla ya msiba.

Nakiri kuna hatari upande wa pili, na kijana wangu aliiona kabla yangu. Eldas inaishi kwa mifugo. Sentensi moja isiyo na uangalifu, kwamba mbuzi wa Eldas wana virusi, ikifika kwa wachuuzi wa nyama Nairobi siku ya Jumatatu, kufikia Ijumaa bei sokoni imeanguka na kuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa karo. Watu wa huko hawajasahau marufuku ya 2007. Ndiyo maana nilimshauri asiandike jina la kijiji, aandike mapema katika makala ni nini kinachoambukiza na nini hakiambukizi, na kabla ya kulipeleka gazetini amsomee mtu mmoja wa nyumbani asiyekwenda shule. Hilo la mwisho lilimshangaza. Nikamwambia kwamba wahakiki wa jarida ni wawili au watatu. Huyo awe wa nne, na ndiye mgumu kuliko wote.

Akampigia mama yake simu pale pale ofisini. Akamsomea kwa Kisomali aya yake ya kwanza, akitafsiri anavyokwenda. Sikuelewa mengi. Miaka niliyofundisha Garissa nikiwa kijana iliniachia maamkizi na majina ya vyakula tu. Lakini nilisikia neno moja likirudi mara tatu kutoka upande wa pili wa simu, na kijana akaliandika pembeni ya karatasi kwa kalamu. Sandik. Lilikuwa halimo popote katika kurasa zile tatu.

Makala yameandikwa upya. Yako kwa mhariri. Hata hivyo sitaki msomaji adhani Kiswahili cha gazetini kinatosha. Mimi ni mtu wa Kiswahili na nakula kwa Kiswahili, lakini ajuza wa Eldas hafungui gazeti hili. Anafungua redio, na redio hiyo inasema Kisomali, lugha ambayo idhaa ya BBC imekuwa ikiitangazia tangu 1957 na ambayo leo ina vituo vyake hapa nchini. Kiswahili kitamfikia mwalimu, chifu, afisa wa mifugo aliyehamishiwa huko kutoka Machakos, na mbunge. Kisomali kitamfikia mwenye mbuzi. Mtafiti wa Eldas anazo zote mbili kinywani, pamoja na Kiingereza cha jarida. Ni utajiri ambao mtafiti wa ng'ambo analipia mkalimani kuupata.

Ijumaa iliyopita alikaribishwa na kituo kimoja cha redio huko Wajir. Alinipigia jioni, sauti imekauka. Alikuwa ametayarisha dakika kumi za maelezo. Akapewa tano, zilizobaki wakapewa wasikilizaji. Mzee mmoja akapiga simu. Akasema haya yote ya mvua na mbu tunayajua, ahsante kwa kutukumbusha, lakini nieleze jambo moja: hiyo chanjo ya mifugo mnayoisifu, si nasikia nayo humfanya mnyama mwenye mimba aitupe?

Swali la haki kabisa. Chanjo ya zamani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, ile iitwayo Smithburn, inajulikana kuwa na kasoro hiyo. Kijana hakuruka. Alijibu kwamba ndiyo, huenda ikatokea, na ndiyo maana mnyama mwenye mimba hushughulikiwa tofauti.

"Huenda, kwa mbuzi wangapi katika kumi?" mzee akauliza.

Hakuwa na jibu, akasema hana. Wamemwita tena Ijumaa hii, na tangu Jumamosi yumo maktaba.